Miti ya Maua Istahimiliyo Jua la Baraka

Wasomaji wetu wakaao Baraka, na pwani yote ya Ghuba ya Burton, hawahitaji kuambiwa habari za joto. Mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kinaisha na mvua hazijashuka bado, bati la paa saa nane mchana haliguswi kwa mkono. Mtoto mwenye homa akilazwa chini ya bati hilo, jasho lake lalowesha mkeka. Mama aliyetoka sokoni na beseni kichwani hatafuti chumba cha kupumzikia, hutafuta kivuli cha mwembe wa jirani. Hata hivyo tukipita mitaani twaona nyumba zikifuatana, na mbele ya kila moja uwanja mweupe uliofagiwa barabara, usio na mti wala ua.

Uwanja huo una sababu yake, nasi hatuudharau. Wazee wetu walifagia ili nyoka aonekane, panya asipate maficho, na mgeni ajue kwamba mwenye nyumba ni mtu wa bidii. Lakini iko sababu nyingine ambayo hatuikubali. Tangu zamani za Wabelgiji watu walizoea kuona maua mbele ya nyumba ya bwana mkubwa wa serikali na mbele ya nyumba ya misheni, wakadhani kwamba ua ni pambo la mwenye mtumishi wa kumwagilia maji, na kwamba mtu wa kawaida inamtosha mihogo nyuma ya nyumba. Dhana hiyo yatupotezea faida kubwa. Miti ya maua tutakayoitaja hapa haitaki mtumishi. Mingi hupenda jua kali kuliko sisi tulipendavyo, na mmoja wapo ukimwagiliwa maji mengi hukataa kutoa maua.

Kwanza tuone mti wafanyaje kazi yake. Kivuli huzuia miale ya jua isiufikie ukuta wala ardhi. Wataalamu wamepima wakakuta kwamba ukuta au paa lililo kivulini, wakati wa jua kali, laweza kuwa na joto pungufu kwa digrii 11 hata 25 kuliko lililo wazi. Tena majani hutoa unyevu hewani, kama vile mtungi wa udongo utoavyo jasho ukayapoza maji yaliyomo. Mtungi haupozi maji kwa uchawi, na mti nao haupozi uwanja kwa uchawi. Sisi tulio walimu twaijua tofauti hii vema zaidi kuliko wengi, kwa kuwa darasa lililo chini ya mti husikiliza mpaka saa saba, na lililo chini ya bati tupu huanza kusinzia saa tano.

Lakini mti upandwe wapi? Hapa watu wengi hupanda popote palipo na nafasi, halafu hushangaa kwamba nyumba bado yawaka. Baraka iko digrii 4 hivi kusini ya ikweta. Maana yake mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 4 Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa, na kijiti kilichosimikwa wima hakina kivuli. Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili uwanjani mwa shule, wala halina gharama. Tangu Machi mpaka Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kiangazi chote ukuta wa kaskazini ndio upigwao. Na mwaka mzima ukuta wa magharibi hupokea jua la alasiri, ambalo ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa huikuta nyumba imekwisha kupata moto tangu asubuhi. Basi mti mkubwa na upandwe magharibi, au kaskazini-magharibi. Upande wa mashariki tuuachie ziwa. Upepo utokao ziwani mchana ni zawadi isiyolipiwa, na atakayeziba upande huo kwa uzio mnene atajinyima mwenyewe.

Na nyoka? Tuchague mti wenye shina refu, tukate matawi ya chini mpaka mtu mzima apite bila kuinama, na chini yake tuendelee kufagia kama kawaida. Ufagio na mti havigombani.

Mti wa kwanza katika orodha yetu ndio ule ambao Waswahili wa Tanzania huuita mkrismasi au mkakaya, na wasemao Kifaransa huuita flamboyant. Jina la mkrismasi limetokana na desturi yake ya kuvaa maua mekundu Noeli inapokaribia. Asili yake ni Madagaska. Mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer aliuona huko katika miaka ya 1820, na baada ya hapo ukasambazwa katika nchi za joto duniani kote. Leo twaukuta Mombasa, twaukuta hata Miami kule Marekani. Jambo la kusikitisha ni kwamba huko kwao, porini, umepungua kwa sababu ya misitu kukatwa.

Taji lake hutanda kama mwavuli, na mara nyingi upana wake hupita urefu wake. Ukipata jua la kutosha waweza kutoa maua baada ya miaka minne au mitano, pengine zaidi. Kasoro zake tusizifiche. Mizizi yake haiendi chini sana, bali hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikainua sakafu na kupasua ukuta. Kwa hiyo usipandwe karibu ya nyumba kuliko mita 8 au 10. Matawi yake huvunjika kwa upepo mkali, na wavuvi wetu waujua upepo wa kusini unaovuma ziwani miezi ya kiangazi. Kisha, na hii ndiyo kasoro iliyo kubwa, hupukutisha majani kiangazi, yaani kivuli chake hupungua wakati ule ule tunapokihitaji. Kwa maoni yetu, mwenye nafasi ya mti mmoja tu asipande mkrismasi peke yake kwa ajili ya kivuli. Mwembe au mwarobaini utamfaa zaidi. Mwenye nafasi ya miti miwili apande mwembe magharibi, na mkrismasi mbali kidogo, kando ya njia, ambako kila apitaye ataufurahia.

Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu kama jiwe, na wengi huipanda wakangoja miezi mingi bila kuona kitu. Dawa yake ni rahisi. Chemsha maji, yaepue, yaache yapoe kidogo, kisha uzimwagie mbegu na kuziacha humo usiku kucha. Asubuhi zitakazokuwa zimevimba ndizo za kupanda. Zisizovimba zikwaruzwe kidogo upande mmoja kwa jiwe au kwa kisu, zirudishwe majini.

Baada ya mkrismasi twataka kusema habari za bogenvilia, kwa kuwa hiyo yafaa hata kiwanja kidogo kabisa, lupango lenye nafasi ya nyumba na jiko tu. Yaweza kupandishwa juu ya nguzo za baraza ikafanya dari ya kivuli, au kukatwa kila mara ikawa uzio wenye miiba ambao mwizi hataki kuujaribu. Habari yake ni ya kupendeza. Mwaka 1766 Louis-Antoine de Bougainville aliondoka Ufaransa kwa meli ili kuizunguka dunia. Katika msafara huo alikuwamo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, pamoja na mtumishi wake. Mtumishi huyo kwa kweli alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyevaa nguo za kiume kwa kuwa wanawake walikatazwa katika meli za serikali. Mwaka 1767 walifika Rio de Janeiro, nchini Brazili, na huko ndiko kichaka hiki kilikochumwa, kisha kikapewa jina la mkuu wa msafara. Jeanne Baret ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuwa ameizunguka dunia yote. Wasichana wa shule na waliweke jina hilo akilini, maana vitabu vingi vilimsahau kwa muda mrefu.

Chuma ua la bogenvilia ulichunguze. Kile chekundu, au cha zambarau, au cha rangi ya chungwa, si ua bali ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe kilichojificha katikati. Kwa kuwa majani hayo ni makavu na membamba kama karatasi, hayanyauki upesi kama maua mengine. Ndiyo sababu katika sikukuu ya Ekaristi Takatifu, iangukayo mwezi wa Mei au Juni, kiangazi kikianza, parokia isiyo na ua lingine bado yaweza kutandaza njia ya maandamano.

Kuipanda si kazi. Kata kipande cha tawi lililokomaa, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa shibiri moja. Uzike nusu yake mwanzoni mwa mvua, mahali penye kivuli kidogo, usiutingishe. Ikiisha kushika, ihamishe juani. Ukiona majani mengi na maua hakuna, usiongeze maji wala samadi, bali upunguze. Mmea huu ukistareheshwa hujaa majani. Ukipata shida kidogo ndipo huchanua.

Tumeanza na wageni, sasa twende kwa mwenyeji. Mwamba-ngoma, ambao wataalamu huuita Erythrina abyssinica, ni mti wa Afrika hii hii, nao huota wenyewe katika nyika na vilima vya nchi zetu za maziwa. Jirani zetu wa Burundi huuita umurinzi, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili aone neno kulinda humo ndani. Walikuwa wakiuzungushia makao yao, na kwa kweli walinda: gome lake ni nene kama kizibo cha chupa, hata moto wa nyasi wa kiangazi ukipita mara nyingi haufi. Huchanua wakati hauna hata jani moja, maua mekundu yakisimama juu ya matawi makavu kama makaa yaliyopulizwa. Ndege waitwao chozi huja kunyonya asali yake, na nyuki nao. Mti huu hupandwa kwa mbegu, au kwa fimbo nene iliyokatwa na kusimikwa mvua zikianza. Fimbo hiyo itachipua. Tungependa kuuona umepandwa zaidi. Twajua kwamba watu hudharau mti wa porini kwa sababu wameuzoea, wakanunua mche wa kigeni kwa fedha. Lakini mti uliokwisha kuishi na jua letu miaka elfu na elfu hauhitaji kufundishwa.

Mingine tuitaje kwa ufupi. Franjipani, yenye maua meupe na ya njano ndani, harufu yake hujaa uwanjani jioni. Tawi lake likikatwa liachwe kivulini juma moja kidonda kikauke, ama sivyo litaoza ardhini. Hibisko huota upesi kwa vipande, lakini yataka maji zaidi kuliko wenzake, na mbuzi huipenda mno. Mlonge hutoa maua meupe katika mwaka wake wa kwanza au wa pili, na majani yake ni mboga yenye nguvu kwa watoto. Ni nani basi atakayesema kwamba ua halilishi? Mwarobaini wastahimili ukame barabara, una maua madogo yenye harufu, na majani yake hudumu karibu mwaka mzima. Watu husema kwamba wafukuza mbu. Hata hivyo mtoto alale ndani ya chandarua. Asmini na mhina ni vichaka vya watu wa pwani ya bahari. Kule Unguja na Lamu asmini hupandwa kwa ajili ya pua kuliko kwa ajili ya macho, na wanawake huitia katika kikuba pamoja na mrihani. Vyote viwili vyafaa Baraka.

Sasa twaomba akina baba na akina mama wasome sehemu hii polepole, na wanafunzi wawasomee wadogo zao. Katika vichaka vya maua viko vyenye sumu ya kuua. Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe na majani membamba marefu, ni nzuri, haitaki maji, na mbuzi kwa kawaida huiepuka. Kwa hiyo watu huisifu. Lakini kila sehemu yake ina sumu ishikayo moyo: jani, ua, kijiti, hata kikiwa kikavu. Vijiti vyake visitumiwe kuchomea nyama wala samaki, na kuni zake zisiletwe jikoni. Ndugu yake, oleanda ya njano, ana tunda lenye kokwa ambalo ni hatari vile vile. Kichaka chenye maua makubwa yaning'iniayo kama tarumbeta, ambacho watu wa nchi za juu hupenda kukifanya uzio, nacho kina sumu ipotezayo akili na hata uhai. Mbono huzaa mbegu zifananazo na karanga, na watoto wenye njaa huzila, wakatapika na kuharisha vibaya. Mnyaa ukivunjwa hutoa utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni waweza kupofusha. Hata mbegu nyekundu za mwamba-ngoma, ambazo wasichana hupenda kuzitunga shanga, zisitafunwe.

Hatusemi kwamba vichaka hivi vyote ving'olewe nchini. Twasema kwamba nyumba yenye mtoto atambaaye haipaswi kuwa na oleanda, na kwamba shule isiipande kamwe, kwa sababu mwalimu hana macho mia. Mtoto akila sehemu yoyote ya mmea huo, apelekwe hospitali upesi, na tawi lake lichukuliwe ili mganga aone ni mti gani. Asicheleweshwe kwa kunyweshwa mafuta au maziwa nyumbani.

Iko hatari ya namna nyingine, ambayo haimdhuru mtoto bali nchi. Mti fulani wa maua ya njano, Senna spectabilis, hukua kwa haraka ya ajabu, na kila mtu huufurahia miaka ya kwanza. Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Tanzania, iko Hifadhi ya Milima ya Mahale, makao ya sokwe, iliyoundwa mwaka 1985. Mti huu ulioletwa kwa ajili ya kivuli na pambo ulienea huko ukasonga miti ya asili, hata watu wakajaribu kuukata na kuuchubua gome ili kuuzuia. Lantana, kile kichaka cha maua madogo ya rangi mbili, nayo huvamia malisho na mashamba. Mwenye kuona mche unaojiotea kila mahali bila kupandwa na aufikirie mara mbili kabla ya kumgawia jirani.

Tukiiacha Baraka na kupanda barabara ya Fizi, mambo yabadilika. Kila tupandapo mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii, na usiku wa Fizi mtu hutafuta blanketi wakati wa Baraka analala mlango wazi. Huko bogenvilia na mwamba-ngoma bado zastawi, lakini iko miti mingine iliyo bora zaidi kwa hewa hiyo. Mtalawanda, wenye maua ya njano yenye umbo la kengele, ni mti wa nchi zetu. Ukikatwa huchipua tena, na nguzo zake hujenga nyumba. Kibobakasi, naye mwenyeji wa misitu ya Kongo, huvaa vikombe vikubwa vyekundu, na machipukizi ya maua yake yamejaa maji ambayo watoto huyabinya na kurushiana. Lakini matawi yake ni dhaifu, usipandwe karibu na paa. Mgrevilea hukua wima, hausongi mazao sana. Jakaranda, iliyotoka Amerika ya Kusini na kuupamba mji wa Lubumbashi kwa rangi ya urujuani kila mwaka mvua zikikaribia, ingeupamba na mlima wa Fizi pia.

Huenda msomaji mmoja atatuuliza: Mwatuambia tupande miti ya miaka mitano, nasi tumekimbia mara ngapi? Swali hili si la mchezo, wala hatuwezi kulipita. Mwaka 1996 vita vilipoingia, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakakaa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Tangu Oktoba 2005 meli zikaanza kuwarudisha wengi hadi Baraka, na kati yao walikuwamo watoto waliozaliwa ng'ambo, wasioijua nyumba ya baba yao. Nyumba ya udongo isiyo na paa haidumu. Masika chache zatosha kuirudisha kuwa ardhi. Mwembe na mchikichi husimama. Mti uliopandwa na baba waweza kumwonyesha mtoto mahali mlango ulipokuwa, hata kama hakuna ukuta uliobaki.

Walakini tuseme wazi, ili mtu asidanganyike: mti ni shahidi, si hati. Sheria ya 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi ya nchi yetu ni mali ya dola, na mwenye kutaka haki kamili juu ya kiwanja chake hana budi kupata hati ofisini. Tena mti uliopandwa mpakani bila shauri umewagombanisha ndugu wengi. Kabla ya kuchimba shimo mpakani, mwite jirani, mwite na mzee wa mtaa, mkubaliane mbele ya mashahidi mti ni wa nani na nani atachuma matunda yake. Mwaliko huo wachukua nusu saa. Kesi ya ardhi yachukua miaka.

Yamebaki mambo ya mikono. Shimo lichimbwe mwezi wa Septemba, mvua zisijaanza, upana na kina cha mkono mmoja wa mtu mzima. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na samadi iliyooza au na majani ya alizeti mwitu, yale ya maua ya njano yaotayo kando ya barabara, ambayo huoza upesi na kurutubisha ardhi. Pwani, ambako ardhi ni mchanga, mchanganyiko huo uwe mwingi zaidi. Mche upandwe mvua zikiisha kushika barabara, Oktoba au Novemba, ili upate miezi saba ya kunywa kabla ya kiangazi. Aliye karibu sana na maji akumbuke kwamba ziwa lilipanda mno mwaka 1964, likapanda tena mwaka 2021 na 2024, likaingia katika nyumba za watu Uvira, Baraka na Kalemie. Mkrismasi na bogenvilia hazivumilii mizizi yake kukaa majini. Zipandwe palipoinuka, au juu ya tuta.

Adui wa mche si jua bali mbuzi. Uzungushiwe matete au miiba mpaka kimo chake kimpite mtu.

Na maji? Hatumwambii mama aliyebeba bidoni la lita 20 kutoka bombani alimwage chini ya maua. Maji yaliyooshea mboga, maji yaliyonawia watoto, maji ya mwisho ya kufulia yasiyo na sabuni nyingi wala javeli, hayo yatosha. Toboa tundu dogo katika chupa ya plastiki, ijaze, izike nusu kando ya mche. Maji yatashuka polepole mpaka mizizini bila kukaushwa na jua. Tandaza majani makavu kuzunguka shina, duara dogo tu, yasiguse gome. Kiangazi cha kwanza mche wapata maji hayo mara mbili kwa juma, jioni jua likiisha kutua. Kiangazi cha pili mara moja kwa juma yatosha. Kiangazi cha tatu, bogenvilia, mwamba-ngoma na mwarobaini ziachwe zijitafutie. Mkrismasi utakapozaa, maganda yake marefu meusi yataning'inia mtini miezi mingi. Yasichomwe pamoja na takataka za uwanja, kwa kuwa majirani watakuja kuomba mbegu.